Mti Mkavu wa Mama Dieumerci

Katika Lubondja nzima, mtu aliyejua vigogota, wale ndege wagonga miti, huingia kulala saa ngapi alikuwa mmoja tu, na watu walimchukulia kuwa mchoma makaa mvivu. Kijijini aliitwa Mama Dieumerci, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina lake la ubatizo, Georgette, lilikuwa limebaki kwenye kadi ya mpiga kura na katika kaye saba, yale madaftari ya mistari ya watoto wa shule. Hapa tutamwita Georgette, kwa sababu habari hii ni yake, si ya mwanawe.

Alikuwa na miaka hamsini na minane. Mumewe alizikwa Kazimia, mbali na kaburi la baba yake, mwaka ule ambao watu walikimbia bila kuchagua njia. Watoto alizaa wanne. Mmoja alikuwa kambini Tanzania, mmoja Zambia, mmoja Uvira, na Dieumerci alikuwa mahali anapopajua Mungu. Dieumerci alipanda boti Kazimia akisema anakwenda ng'ambo kutafuta msumeno wa mota, atarudi kabla ya mihogo kukomaa. Mihogo ile ilikomaa, ikang'olewa, ikapandwa mingine mara tatu. Nyumbani akabaki Ketsia, mke wa Dieumerci, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ya kwanza katika kwaya ya wamama. Huyo Ketsia mumkumbuke. Hakuna aliyempenda Georgette kumpita yeye, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu.

Habari ya vigogota ilianzia jikoni. Miaka tisa nyuma alifika kijana wa Bukavu, Jérémie, msomi mwenye hema, darubini na miguu isiyozoea milima. Alikuja kutazama jinsi vigogota wanavyoishi wao kwa wao: nani analala na nani, nani anamfukuza nani, nani analea. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kucheka nyuma ya nyumba. Georgette alichukuliwa kumpikia. Jioni moja alikuwa ameleta sahani ya ugali na ndagala hadi pale kijana alipokaa chini ya mti, akasimama akingoja amalize kuandika.

“Ni mbili,” alisema Jérémie, akiandika. “Dume na jike. Bameingia.”

“Ni tatu, Papa,” alisema Georgette. “We unainama kuandika, ule wa tatu anaingia. Kila siku njo vile.”

Kesho yake Jérémie hakuinama. Waliingia watatu. Keshokutwa yake akampa mpishi wake kaye na biki ya kuandikia, akaanza kumfundisha, na ugali ukawa unapikwa na mtu mwingine.

Masharti ya kazi yalikuwa machache lakini makali. Andika saa. Andika nani amekuja, ametoka upande gani, amefanya nini. Usiandike unachofikiri, andika ulichoona. Ndege usimpe jina, mpe namba. Siku moja Georgette aliandika kwamba namba mbili amekasirika, Jérémie akakata mstari huo. “Mama, hasira hatuione,” alimwambia. “Andika alipiga muti mara saba, akafungua mabawa.” Georgette alitii kwenye karatasi. Moyoni, ambako Jérémie hakuwa na biki, namba moja alikuwa Papa, namba mbili Mama, na namba tatu Binti.

Tena alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake. Alijifunza kwamba Papa, mwenye kofia nyekundu, ndiye anayekuja kwanza jioni, na kwamba hagongi mlangoni kwa nguvu bali mara mbili tatu taratibu, kama mtu anayeuliza hodi nyumbani kwake mwenyewe. Alijifunza kwamba mlio wa mpakani, wakati familia ya upande wa mto inapokaribia, ni tofauti na mlio wa kuitana. Aliona kwamba ndege hawa hawaachani mtoto akishaota manyoya: Binti alikuwa mkubwa kama mamake na bado alilala nao tundu moja, watatu katika nafasi ya ngumi mbili. Jioni nyingine Georgette alifunga kaye akakaa tu. Alikuwa akifikiria Tanzania, Zambia, Uvira na pale anapopajua Mungu. Aliwaonea wivu ndege, na hakuona haya kukiri hivyo mbele ya nafsi yake.

Kisha milio ya bunduki ikasogea, na Jérémie akaondoka. Aliacha darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka, kaye sita tupu, na maneno: “Endelea, Mama. Nitarudia kuzichukua.” Hiyo sasa ilikuwa imepita miaka minne. Wengi wangetumia zile kaye kufungia karanga. Georgette aliendelea, jioni kwa jioni, isipokuwa siku za homa na siku za kukimbia.

Shida ilikuwa mti. Kigogota huchonga nyumba penye mti mkavu, maana hapo mbao imelainika, na mti wa familia ile ulikuwa umekauka ukiwa umesimama, mwisho wa mashamba ya mihogo, kabla ya msitu wa mto. Na Lubondja ina desturi yake. Mti mbichi una mwenyewe; utaukata vipi bila kumwuliza? Lakini mti mkavu ni wa yule aliyeuwahi. Ukiuona, unautia panga mara mbili, unaufunga kamba ya mgomba, na kamba ikiwa bado inashika, mti ni wako. Kamba ikikauka ikakatika kabla hujaleta shoka, alama imekufa, na anayepita anauchukua bila kuitwa mwizi. Makaa ya mti mkavu huiva haraka na moshi wake ni mdogo. Miti iliyokauka imesimama ilikuwa imebaki ya kuhesabika, na wachoma makaa waliijua yote.

Kwa hiyo Georgette alifunga kamba. Kila Ijumaa, kabla ya soko la Jumamosi, alichuna ganda bichi la mgomba, akalisokota pajani, akaenda kufunga kamba mpya juu ya ile ya zamani. Alipoulizwa mbona hakati, alikuwa na jibu lake.

“Niko nangoya Dieumerci arudi na musumeno.”

Nani angemlaumu mama anayemngoja mwanawe? Mwaka wa kwanza walimwonea huruma. Mwaka wa pili walizoea. Mwaka wa tatu Junior, kijana wa tanuri za makaa, mwenye vishoka viwili na watoto watano, alianza kutema mate akipita. “Hii muti itakuozea, Mama,” alimwambia. “Ikioza, haitafaa we, haitafaa mi.” Hakuwa mtu mbaya, Junior. Alikuwa na watoto watano tu.

Mtasema, kwa nini hakueleza ukweli? Mwaka ule Jérémie alipoondoka, alijaribu. Alimwambia jirani mmoja kwamba anakwenda jioni kutazama ndege wakilala. Jirani hakucheka. Wiki iliyofuata kulikuwa na maneno kisimani: mwanamke mjane, anakaa peke yake porini jua likizama, anaangalia ndani ya tundu, anaandika majina. Majina ya nani? Wakati huohuo mtoto wa jirani alikuwa mgonjwa. Georgette aliijua njia hiyo inakoishia. Alikuwa ameona bibi mmoja wa kijiji cha juu akichomewa nyumba kwa kisa kidogo kuliko hicho. Kesho yake akachuna ganda la mgomba, akafunga kamba ya kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa mchoma makaa mvivu. Uvivu ni dhambi, lakini haumchomei mtu nyumba.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipotulia, ndege walifanya jambo jipya. Mama alitaga. Papa sasa alilala na mayai kwenye tundu la chini, Mama na Binti wakahamia tundu la zamani la juu, mti uleule. Mchana walipokezana: huyu anatoka, yule anaingia, bila ugomvi, na mara moja, saa nne asubuhi, Georgette alimwona Binti akiingia kwenye mayai na kukaa humo muda wa kuiva sufuria ya maharage. Alifanya nini ndani? Jérémie alikuwa amemwambia kwamba swali lake kubwa ni hilo: je, binti asiyeondoka anasaidia kulea wadogo zake, au anakula na kulala tu? Hakuwahi kupata jibu, kwa kuwa kila mwaka mayai yaliliwa na nyoka au watu walikuwa mbioni. Sasa jibu lilikuwa mbele ya macho ya Georgette. Vifaranga wakitoka, angeona ni nani analeta wadudu mdomoni. Kwa hesabu yake zilibaki wiki mbili.

Na kaye ya saba ilikuwa imebakiza kurasa tatu.

Siku hizohizo motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyeleta sabuni, alisema ofisi ya shirika lile la wasomi imefungua tena milango Baraka. Georgette hakulala vizuri. Alitaka kaye mpya, ndiyo. Alitaka kukabidhi zile saba kabla panya hawajazimaliza. Lakini zaidi ya yote alitaka karatasi yenye muhuri, ikisema mti huu ni wa utafiti, usikatwe. Lubondja inauheshimu muhuri hata inapodharau maneno yaliyo juu yake. Akiwa na muhuri, asingehitaji tena kumtaja Dieumerci kila Ijumaa. Maana uongo ule ulikuwa umeanza kumla: kila akiutamka, alisikia jinsi usivyowezekana.

Ijumaa alifunga kamba. Jumapili baada ya ibada akafunga kaye saba ndani ya kitenge, akamwambia Ketsia anakwenda Baraka kuulizia habari za Dieumerci kwa watu wa boti, atarudi Jumatano.

Jumanne asubuhi aliikuta ofisi ina rangi mpya. Aliyempokea aliitwa Fanny, msichana wa adabu, aliyemtolea kiti na maji kabla ya kumwuliza shida. Alizipokea zile kaye kwa mikono miwili, akafungua moja, akasoma mistari kadhaa midomo ikicheza, kisha akaifunga polepole.

“Mama, ile projet ya bandege ilishafunga,” alisema. “Hata mi sikuikuta. Papa Jérémie iko Ubelgiji. Alimaliza masomo yake, sasa iko docteur.”

“Alimaliza na nini?” aliuliza Georgette. “Kaye ni hizi.”

Fanny alitazama mezani. “Pengine zile za mbele zilimutosha.”

“Na swali ya ule binti? Alipata jibu?”

“Binti gani, Mama?”

Georgette alieleza. Alieleza vizuri, kwa saa na namba, kama alivyofundishwa. Fanny alisikiliza hadi mwisho, na huo ulikuwa wema, kwa kuwa nyuma ya Georgette walikuwa wamejipanga watu wanane. Halafu akasema kwamba sasa shirika linachimba vyoo. Muhuri upo, ndiyo, lakini mkubwa wa kuutia yuko Bukavu, na hawezi kuutia kwa mti, labda kwa choo. Alimpa biki mbili na kaye moja yenye picha ya choo jaladani. Zile saba akamrudishia, akizifunga mwenyewe katika kitenge, kwa uangalifu.

Georgette alitoka akakaa kwenye kizingiti cha duka la jirani. Miaka minne alikuwa amemwandikia mtu aliyekwisha kumaliza. Alihisi haya, haya ya mtu aliyepika chakula cha wageni wengi, kumbe mialiko haikutumwa. Hakulia. Alifikiri kwamba mayai bado yapo, na siku bado zinatosha, na kwamba jibu ni jibu hata kama aliyeuliza ameshaacha kuuliza. Kwa fikra hiyo akasimama kutafuta pikipiki ya kurudi.

Pikipiki hazikuwapo. Jumanne hiyo vijana wenye bunduki walikuwa wamepigana juu ya barabara, na madereva wote walikuwa wameegesha sokoni wakicheza karata. Jumatano vilevile. Ikaja Ijumaa, na Georgette aliamka Baraka kwa binamu yake, mikono mitupu, akijua kwamba kule mwisho wa mashamba kamba yake inakauka juani.

Jumapili aliazima simu ya mtu, dukani, katikati ya wateja. Lubondja mtandao hushikwa juu ya kilima cha shule tu, na Mungu alisaidia, Ketsia alikuwa huko.

“Mama, uko muzima?”

“Niko. Barabara inafungwa. Sikia, Ketsia. Ile muti yangu.”

“Ndiyo, Mama.”

“Kamba inakauka. Funga ingine. Usiache mutu aikate. Unasikia? Ile muti…” Hapo Georgette alitazama kando. Wanawake wanne wa njia ileile ya Lubondja, waliokwama kama yeye, walikuwa wamesimama na vikapu vyao wakimsikiliza, kwa kuwa simu ya mwenzio haina siri. Neno lilikuwa limefika ulimini: ina bandege, Ketsia, muti ina bandege, wana mayai, usiguse. Alilimeza. “Ile muti ni ya Dieumerci,” alisema.

“Nimesikia, Mama. Usisumbuke. Tutaangalia.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba wakati mwingine inapita katikati ya moyo wa mtu mwema.

Haya yafuatayo Georgette aliyasikia baadaye. Ketsia alifunga kamba mpya siku ileile. Kesho yake Junior akaenda kwa kapita, mkuu wa kitongoji, akasema kamba haiwezi kurithiwa: desturi inataka mkono wa mwenyewe, na mwenyewe hayupo, na huyo anayengojwa ng'ambo pia hayupo. Kapita alikuwa mtu wa haki. Alikuna kichwa, akasema Junior ana sababu, lakini Mama Dieumerci ni mjane na ameuzuia mti huu zaidi ya miaka mitatu kwa uvumilivu. Akaamua: watu wa nyumba yake wana hadi soko la Jumamosi. Ukiangushwa kabla, ni wao. Usipoangushwa, ni wa yeyote.

Ketsia alipanda kilima cha shule mara mbili kupiga simu. Ile namba ya dukani haikupatikana.

Jumamosi, siku ya kumi na nne tangu aondoke, barabara ilifunguka. Georgette alishuka kwenye pikipiki saa tisa alasiri. Kabla hajafika nyumbani, wamama wa kwaya walikuwa tayari uani, kumi na wawili, vitenge vimefungwa kiunoni, nyuso zinang'aa. Ketsia alikuwa mbele. Viganja vyake vilikuwa vimetoka malengelenge, na alivificha nyuma kwa furaha ya mtu mwenye zawadi.

“Mama, karibu. Tulikukatia muti yako.”

Georgette aliweka kitenge chini.

“Tulifanya salongo,” alisema Ketsia. “Bamama bote. Junior alitaka kukunyanganya, tukasema hapana, Mama hatapoteza kitu yake wakati iko kwa shida. Siku ya tatu asubui tulianza, siku ya ine magaribi ikaanguka. Jana tukaweka katika tanuri, Junior mwenyewe alitusaidia kufunika na udongo. Itatoka saki sita, pengine saba.”

“Ilikuwa kavu, kavu,” alisema mama mmoja. “Muzuri sana ile muti.”

“Na ndani?” aliuliza Georgette. Sauti ilitoka ndogo. “Mulikuwa kitu?”

“Mulikuwa tundu mbili za bandege. Ya chini mulikuwa mayai, tatu. Yalipasuka wakati ilianguka.” Ketsia alikunja uso kidogo. “Ndani mulishakuwa tutoto. Ile ndege mwenye kichwa nyekundu alikatala kutoka, mpaka muti ikaanza kulia. Nilimufukuza na jiwe, asikufe bure.”

Wamama walikuwa wakingoja. Mtu anapofanyiwa salongo, kazi ya bure ya mikono mingi, anajua linalompasa: anashukuru, anapiga magoti kidogo, anakaribisha chai. Asiposhukuru, anawavunjia wote kumi na wawili, na malengelenge yao pia. Georgette aliwatazama mmoja mmoja. Hakukuwa na adui hata mmoja uani pale. Alimtafuta mtu wa kumchukia, akapita usoni mwa Ketsia, akapita kwa kapita, akapita hata kwa Junior, na safari hiyo ikaishia kwake mwenyewe, pale dukani, neno likiwa ulimini.

Akapiga magoti kidogo. “Aksanti, bamama,” alisema. “Mungu abarikie mikono yenu.”

“Amina,” walijibu, na Ketsia akaanzisha wimbo.

Walipoondoka, Ketsia alibaki akikusanya vikombe. Alisema bila kugeuka, “Mama, usikasirike. Najua ulikuwa unaichunga juu ya Dieumerci. Lakini tumemungoya. Tumemungoya ya kutosha.” Kisha akaingia ndani haraka.

Saa kumi na moja na nusu Georgette alichukua darubini na kaye, akaenda. Mahali pa mti palikuwa na mwanga mwingi mno. Tanuri ilikuwa hatua thelathini kutoka kisikini, lundo la udongo lililofuka moshi mwembamba kwa matundu ya pembeni. Maganda ya mti yalitapakaa kila mahali. Alikaa pale alipozoea kukaa.

Papa alikuja wa kwanza, kama kawaida. Aliruka kutoka upande wa mto akaelekea moja kwa moja pale tundu lilipokuwa, juu, hewani, akafika akakosa pa kushika. Alizunguka. Akarudi tena kutoka mbali, kama aliyekosea njia mara ya kwanza, akakosa tena. Akashuka kwenye kisiki. Akagonga mara mbili, tatu, taratibu. Mama aliita kutoka mihogoni, Binti akajibu kutoka mbali upande wa pili, lakini hakuna aliyesogea kwa mwenzake. Moshi ulipogeuka, Papa akaruka kuelekea juu mlimani, Mama akaenda mtoni, ambako familia ya pale ilianza mara moja kumpigia ule mlio wa mpakani. Binti hakuonekana tena.

Georgette alifungua ukurasa wa mwisho wa kaye ya saba, akaandika alichoona. Saa kumi na mbili na dakika nane, namba moja amekuja. Amepiga kisiki mara tatu. Namba mbili amelia upande wa mihogo, namba tatu upande wa juu. Wote wameondoka njia mbalimbali. Kisha akaandika swali la Binti, na mbele yake akaandika: haijulikani. Akaangalia kama kuna mahali ameandika anachofikiri. Hapakuwa na mahali. Jérémie asingekata mstari hata mmoja.

Alirudi jioni nne zilizofuata. Ya kwanza na ya pili alikuja Papa peke yake. Ya tatu hakuja mtu. Ya nne alikuja ndege mwingine kabisa.

Ijumaa tanuri ilifunguliwa. Makaa yalitoka mazuri, marefu, yanalia kama sahani yakigongana, na Junior aliyasifu kwa haki bila kinyongo. Ketsia alijaza magunia huku akiimba, nyuso zao wote zikiwa nyeusi. Georgette alikuwa amekaa chini pembeni, ameinama, na ilichukua muda kabla hajaona mikono yake inafanya nini. Ilikuwa imechuna ganda bichi la mgomba, imelisokota pajani, kamba imekamilika, ndefu kiasi cha kuzunguka mti.

“Mama, leta ile kamba,” alisema Ketsia, akishika mdomo wa gunia la kwanza.

Georgette alisimama akampelekea. Kisha, kwa kuwa desturi inataka mkono wa mwenyewe, akaifunga yeye.